Uji uliobanduka ukingoni: sahani 60 za Bagamoyo na upepo wa kaskazi

Agizo lilikuwa la sahani 60 za kulia chakula, kipenyo sentimita 26, kwa nyumba moja ya wageni Bagamoyo. Ni sahani za udongo mwekundu uliovalishwa uji mweupe wa udongo, yaani udongo laini uliokorogwa na maji, ukachorwa kwa uji wa kahawia, kisha zikafunikwa kwa glezi angavu, ile ngozi ya kioo inayong'aa, na kuchomwa. Karakana iliyozifanya imekuwa ikitoa kazi ya aina hii kwa misimu kadhaa bila tatizo kubwa. Safari hii, mwanzoni mwa Februari, tanuri lilipofunguliwa baada ya mchomo wa pili, sahani 23 zilikuwa na ugonjwa mmoja: uji mweupe umebanduka ukingoni, umeondoka na glezi yake, na udongo mwekundu umebaki uchi. Katikati ya sahani hapakuwa na kasoro hata moja. Tena ukingo haukubanduka mzunguko mzima, ila karibu theluthi moja tu, na theluthi mbili zilizobaki zilikuwa safi kabisa.

Kabla ya kwenda mbele, kitazame kipande kimoja kilichobanduka. Kina ukubwa wa ukucha wa kidole cha mwisho. Juu kinang'aa, chini ni cheupe na cha unga, hakina hata chembe ya udongo mwekundu iliyong'ang'ania. Uji uliooana na sahani yake, hata ukiuvunja kwa nyundo, hutoka na nyama ya sahani. Huu umetoka kama ganda la yai lililochemshwa, maana yake haukuwahi kushika. Halafu angalia pembe zake: zimejikunja kuelekea juu, kama matope ya jaruba la mpunga baada ya maji kukauka. Mambo hayo mawili, mgongo mweupe na pembe zilizojikunja, yangetosha kumwelekeza mtu kwenye chanzo. Lakini aliyefungua tanuri na kukuta hasara hana subira ya kugeuza vipande, na hapo ndipo siku kadhaa zilipopotea.

Jambo moja liliamuliwa palepale, na liliamuliwa sawasawa: hakuna sahani hata moja kati ya zile 23 iliyouzwa kwa bei ya chini. Glezi ni kioo. Ukingo unaoachia vipande vya kioo vyenye ncha haufai kuwekewa wali, hata kama mnunuzi ameiona kasoro na kuikubali.

Jinsi sahani hizi zinavyofanyika

Udongo unatoka bonde la Ruvu. Unakaushwa, unapondwa, unalowekwa siku tatu, unachujwa kwenye wavu, unaachwa ukaze, kisha unakandwa. Kila sahani hupewa kilo 1.7. Inafinyangwa kwenye gurudumu ikiwa na kipenyo cha karibu sentimita 29, kwa sababu udongo huu husinyaa asilimia 10 tangu ukiwa mbichi hadi umechomwa. Fundi hufinyanga sahani 12 kwa siku. Zikitoka kwenye gurudumu zinalala usiku mzima chini ya nailoni. Kesho yake zinafunuliwa, zinaachwa zipigwe na hewa hadi zifike hali ya ngozi, yaani ukizibonyeza kwa kidole hazibonyei lakini ukucha bado unaacha alama. Hapo ndipo zinachongwa kitako na kumwagiwa uji.

Uji mweupe una kaolini (udongo mweupe) ya Pugu iliyooshwa sehemu 60, unga wa kwatzi (madini ya mchanga) 20, friti 17 na bentonaiti (udongo laini mno) 3. Kaolini ya Pugu hutoka kwenye mwamba wa mchanga, kwa hiyo asiyeiosha anapata mchanga mwingi kuliko anavyodhani, na vipimo vyake vyote vinakuwa vya uongo. Friti ni kioo kilichokwisha kuyeyushwa na kusagwa, nayo ndiyo inayousaidia uji kushikana na sahani kwenye joto hili dogo. Bentonaiti inaufanya uji uelee na ulainike, lakini kila ukiiongeza, uji nao unasinyaa zaidi. Mchanganyiko huchujwa mara mbili kwenye chujio la matundu 80 kwa inchi. Unga wa kwatzi na kaolini haufagiliwi ukiwa mkavu. Sakafu inapigwa deki, maana vumbi lake likiingia mapafuni halitoki.

Kumwagia ni kazi ya sekunde chache. Sahani inashikwa mkononi, uji unamiminwa katikati, unazungushwa hadi uguse ukingo wote, na unaobaki unarudishwa ndoo. Mchoro unasubiri mpaka mng'aro wa maji upotee juu ya uji, dakika 10 hadi 20 kutegemea hewa. Ukiuwahi, mistari inazama na kulingana na uso, jambo ambalo ni zuri kama unataka kuuchana mchoro kwa unyoya wa kuku. Ukisubiri, mistari inasimama na mkono unaihisi. Karakana hii inachorea kwa pia ya nailoni kama zile za hina, imekatwa ncha kwa upana wa milimita moja na nusu. Aliyewahi kumchora bibi harusi hina anajifunza kazi hii upesi, kwa sababu mkono tayari unajua kwamba mstari unaachwa uanguke juu ya uso, na ncha haiguswi chini. Muundo wa sahani za agizo hili ulikuwa wa kanga: pindo la nukta na korosho ukingoni, mji katikati. Pindo liko ukingoni, na ukingo ndio uliobanduka, kwa hiyo hasara ilikula sehemu yenye kazi nyingi zaidi.

Baada ya kukauka kabisa kwa siku sita hadi nane, zinachomwa mara ya kwanza hadi nyuzi 980, zinavalishwa glezi, kisha zinachomwa tena hadi karibu nyuzi 1,060. Glezi ni ya boroni, haina risasi. Wafinyanzi wa Staffordshire, Uingereza, wa karne ya 17, akina Thomas Toft waliokuwa wakiandika majina yao ukingoni mwa sahani kubwa kwa uji, walitumia glezi ya risasi, na ndiyo iliyoipa kazi yao ule mng'aro wa asali. Sahani ya kuliwa achari, ndimu au samaki wa ukwaju haifai kuwa na risasi, kwa sababu tindikali huifyonza na kuileta chakulani. Rangi ya asali inapatikana kwa kuweka oksidi ya chuma asilimia 2 hadi 3 kwenye glezi ya boroni.

Waliotuhumiwa kwanza

Ukiwa mfinyanzi wa pwani, kitu cha kwanza kinachokujia kichwani ni chokaa. Ardhi yetu imejaa matumbawe na makombe, na punje moja ya kombe kwenye udongo inatosha kuharibu chombo. Ikichomwa kupita nyuzi 900 hivi inageuka kuwa chokaa hai. Chombo kikishatoka tanurini, chokaa ile inakunywa unyevu wa hewa, inavimba na kurusha kipande juu. Kwa hewa ya Bagamoyo haingoji sana, siku chache au wiki mbili tatu zinatosha. Lakini chokaa ina sahihi yake. Inaacha kashimo kenye umbo la pia, na chini kabisa ya kashimo kuna kidoa cheupe laini. Tena hairushi ukingoni tu, inarusha popote punje ilipo, hata kitakoni. Kwenye sahani hizi hapakuwa na kashimo wala kidoa. Udongo uliobaki uliponyunyiziwa siki haukutoa povu. Chokaa ikafutwa kwenye orodha.

Mshukiwa wa pili alikuwa tanuri. Kuchoma kwa haraka kunaweza kurusha uji, hasa mwanzoni kabla maji hayajaisha, na ndiyo maana joto hupandishwa taratibu sana hadi nyuzi 120. Sahani hizi zote ziliingia kwenye mchomo mmoja, zikapangwa bila kufuata siku zilizofinyangwa, na nzima zilikaa rafu moja na mbovu. Tanuri halichagui namna hiyo.

Wa tatu alikuwa uji wenyewe, na hapa kosa kubwa lilikaribia kufanyika. Ushauri uliotolewa, na ambao utausikia karibu kila karakana, ulikuwa: "Ongeza bentonaiti ushike zaidi." Neno "kushika" linapotosha. Uji haubanduki kwa kukosa gundi. Unabanduka kwa sababu wenyewe na sahani havisinyai pamoja. Sahani ikisinyaa zaidi ya uji, uji unabanwa, unanyanyuka katikati kama hema, na pembe zinapandana. Uji ukisinyaa zaidi ya sahani, unapasuka kwa nyufa nyembamba, kisha pembe za nyufa zinajikunja juu. Vipande vyetu vilikuwa vimejikunja juu. Uji ulikuwa umesinyaa kuliko ukingo uliokuwa chini yake, na bentonaiti zaidi ingeongeza maradhi yaleyale.

Vijiti vya kupimia vilithibitisha. Unatengeneza kijiti cha udongo, unakwaruza alama mbili zilizoachana sentimita 10, na unapima tena kikikauka. Udongo wa sahani ulisinyaa milimita 7 tangu mbichi hadi mkavu. Uliochukuliwa ukiwa hali ya ngozi changa ulikuwa umebakiza milimita 4. Uji, uliokaushwa juu ya bamba la plasta hadi ukawa wa kufinyangika, ulisinyaa milimita 4 na kidogo. Hizo ni hesabu zinazooana. Kwa hiyo mapishi hayakuwa na kosa, mradi sahani imemwagiwa ikiwa bado imebakiza milimita zake nne. Swali likageuka: ni nini kilichoufanya ukingo uwe umekwisha kusinyaa kabla ya uji kufika, na kwa nini theluthi moja tu?

Herufi za siku

Karakana hii ina mazoea ambayo kila mfinyanzi angefaa kuwa nayo. Chini ya kila sahani, wakati wa kuchonga kitako, huchorwa herufi ya siku iliyomwagiwa uji. Sahani mbovu zilipogeuzwa na kuhesabiwa, Jumatatu ilikuwa na 2, Jumanne 7, Jumatano 6, Alhamisi 8. Ijumaa haikuwa na hata moja.

Uji ulikuwa wa ndoo moja wiki nzima. Udongo ni mmoja, mkono ni mmoja, tanuri ni moja. Kilichokuwa tofauti siku ya Ijumaa ni mpangilio wa kazi, na sababu yake ni swala. Siku nyingine, fundi anafunua sahani za jana saa 2 asubuhi, anazipanga ubaoni kwenye baraza, kisha anakaa kwenye gurudumu kufinyanga za leo wakati angali na nguvu. Anapumzika adhuhuri, anakula, na kumwagia uji kunaanza saa 8 mchana. Ijumaa gurudumu huwa halianzi asubuhi, kwa sababu kufinyanga kukikatizwa katikati kunaharibika. Basi asubuhi hufanywa kazi fupi: sahani zinafunuliwa saa 2, zinachongwa, na ikifika saa 4 zote zina uji. Gurudumu linasubiri hadi watu warudi msikitini.

Kwa hiyo sahani za Ijumaa zilikaa hewani chini ya saa mbili. Za Jumanne, Jumatano na Alhamisi zilikaa saa sita. Na za Jumatatu? Zilifinyangwa Jumamosi, zikalala chini ya nailoni mausiku mawili badala ya moja. Unyevu ulipata muda wa kutoka sehemu nene ya katikati na kuulowesha ukingo ukawa sawa na kwingine, ndiyo maana zilivumilia saa sita barazani zikaharibika mbili tu.

Theluthi ya ukingo ilifumbuliwa na kijana msaidizi. Siku tanuri lilipofunguliwa, ubaoni kulikuwa na sahani nyingine 12 za kazi ya pili, zimemwagiwa uji jana yake mchana na hazijasogezwa. Aliziinamia moja moja akitafuta nyufa, kisha akasimama, akamwambia fundi: "Shangazi, zote zinatazama baharini." Nyufa nyembamba kama unywele zilikuwa upande mmoja wa kila sahani, ule unaoelekea mlango wa mashariki, ambako baraza linapokea upepo.

Februari pwani ni kaskazi kamili. Kusi linapovuma, na hasa wakati wa masika, hewa ina maji na sahani inaweza kukaa barazani kutwa bila kudhurika. Kaskazi la Januari na Februari ni jua kali, mvua haba na upepo usiokoma kuanzia katikati ya asubuhi. Ukingo wa sahani una unene wa milimita 6, kitako kina milimita 10, na ukingo ndio uliosimama kuupokea upepo. Upande wa upepo unakauka wakati katikati ungali ngozi changa. Fundi akibonyeza katikati kwa kidole, kama alivyozoea, anaona sahani iko tayari. Inabidi abonyeze ukingo, tena ule ulioelekea upepo.

Kipande cha pili cha kisa: maji

Upepo peke yake ungetosha kueleza nyufa. Haukutosha kueleza ule mgongo mweupe wa unga. Kwenye sahani zile 12 ambazo hazijachomwa, kijana alikwangua sehemu ya ukingo ambayo uji ulikuwa umenyanyuka. Chini yake palikuwa na utando mweupe hafifu juu ya udongo mwekundu, kama umande. Ulikuwa wa chumvi.

Mapipa ya maji ya mvua yalikuwa yamekauka katikati ya Januari, na tangu hapo karakana ilitumia maji ya kisima kilicho karibu na ufukwe. Wenyeji wanajua visima vya aina hiyo: kiangazi kikikaza vinakolea, na haishangazi katika mji wenye mashamba ya chumvi kule Nunge. Lita moja ya maji yale ilichemshwa kwenye sufuria ya stenlesi hadi ikauke. Kilichobaki kilikuwa na uzito wa gramu 4. Lita ya maji ya mvua iliacha ukungu usiopimika kwa mizani ya jikoni.

Chumvi iliyoyeyuka husafiri na maji, na maji huelekea pale yanapokauka haraka. Saa sita za upepo zilikuwa zinayavuta maji kutoka sahani nzima kuja kwenye theluthi ile ya ukingo. Yakifika yanapaa, chumvi inabaki. Uji ulipomiminwa juu, ulikuwa unatua kwenye utando wa chumvi badala ya udongo.

Chumvi ilikuwa na madhara mengine yaliyofichika ndani ya ndoo ya uji. Chembe za udongo kwenye maji ya chumvi zinagandana makundi makundi, na uji unakuwa mzito kabla ya wakati wake. Fundi aliyezoea kuupima kwa jicho, kwa namna unavyotiririka kidoleni, anaongeza maji hadi uonekane kama kawaida. Ndivyo ilivyokuwa. Lita moja ya uji ule ilipopimwa ilikuwa gramu 1,320, wakati uji mzuri wa karakana hiyo ni gramu 1,420. Tofauti ya gramu 100 inaonekana ndogo. Piga hesabu: toa 1,000, zidisha kwa 1.625, unapata udongo mkavu uliomo. Uji wa 1,420 una gramu 682 za udongo kwa lita. Ule wa 1,320 una gramu 520. Pengo lote limejazwa maji. Uji wenye maji mengi unaulowesha zaidi ukingo mkavu, ukingo unavimba ghafla, kisha uji wenyewe unasinyaa zaidi ukikauka. Mizani na jagi la lita moja ni vitu vya dakika mbili, na havidanganywi na chumvi kama jicho linavyodanganywa.

Hapa inafaa kueleza kwa nini vyungu, vibia na vyetezo vya pwani havijapata kulalamikiwa ugonjwa huu, ingawa wafinyanzi wake wametumia udongo na maji ya palepale. Havina ngozi ya pili. Chumvi ikitoka juu ya chungu inaonekana kama unga, chungu kikioshwa imekwisha. Vyombo vyenye glezi vilivyotumika pwani, pamoja na yale mabakuli yaliyokuwa yamepachikwa kwenye makaburi ya magofu ya Kaole, karibu na Bagamoyo, vililetwa na majahazi kutoka nje. Sahani ya uji na glezi ni tabaka tatu zinazotakiwa kusinyaa na kutanuka kama kitu kimoja, na chochote kinachoingia katikati yake kinaleta ugomvi.

Majaribio

Vilitengenezwa vigae 24, kila kimoja kimekunjwa ukingo mmoja kama sahani. Kigae bapa kisingefaa, kwa kuwa hakina ukingo wa kupokea upepo. Nusu vilikandwa kwa maji ya kisima pamoja na uji wake, nusu kwa maji ya mvua yaliyoombwa kwa jirani mwenye tangi. Kisha kila kundi likagawanywa: sita vikakaa barazani saa sita, sita vikakaa ndani kwa saa moja na nusu tu.

Vya kisima na upepo, vilibanduka vitano kati ya sita. Vya mvua na upepo, kimoja. Vya kisima bila upepo, hakuna. Vya mvua bila upepo, hakuna.

Vigae sita kwa kila kundi si vingi, lakini vinaoana na hesabu ya herufi za siku, na ndiyo inayovipa uzito. Chumvi bila upepo imetawanyika sahani nzima, haifanyi utando. Upepo bila chumvi unaleta nyufa hapa na pale. Vikikutana, karibu kila chombo kinaharibika. Ndiyo sababu karakana ilipita misimu ya nyuma salama: kaskazi lilikuwapo kila mwaka, ila mapipa ya mvua hayakuwa yamekauka mapema hivi.

Kulikuwa na pendekezo la kutumia kabonati ya bariamu, ambayo viwanda vya matofali huitumia kuzuia ukungu mweupe. Tunaona ni vizuri liliachwa. Kwanza ni sumu, na karakana ambayo watu wanakunywa chai meza moja na udongo si mahali pake. Pili, inafunga chumvi za aina ya salfeti tu. Chumvi ya bahari kwa sehemu kubwa ni kloridi, na kloridi ya bariamu nayo inayeyuka majini, kwa hiyo ingesafiri hadi ukingoni vilevile, safari hii ikiwa sumu.

Kazi ilivyopangwa upya

Sahani 37 zilizoonekana nzima hazikupelekwa moja kwa moja. Zilizamishwa majini usiku kucha, zikakaushwa juani, kisha ukingo mzima wa kila moja ukapitishwa ukingo wa sarafu ya shilingi 200 kwa nguvu ya kidole gumba. Nne ziliachia vipande. Zikabaki 33, na agizo likawa linadai 27.

Uji wa zamani haukumwagwa. Uliachwa utulie siku mbili, maji ya juu yakanyonywa kwa mpira, ukarudishiwa maji ya bomba pungufu ya yaliyotolewa, ukakorogwa na kuachwa utulie tena. Baada ya mara tatu ulirudi gramu 1,420 kwa lita ukiwa unatiririka kama zamani, bila kuongezwa chochote. Udongo uliokwisha kukandwa ulikuwa mgumu zaidi kuokoa, kwa kuwa kuuosha ni kuukausha na kuanza upya. Ulitengwa kwa ajili ya vyetezo na vyungu vya maua visivyo na uji. Sahani mpya zilifinyangwa kwa udongo uliolowekwa maji ya bomba, na maji ya kulowekea yalimwagwa mara mbili kabla ya kuchuja, kwa sababu udongo wa bondeni nao una chumvi yake kidogo.

Mabadiliko makubwa yalikuwa kwenye saa, na hayakugharimu chochote. Ratiba ya Ijumaa imekuwa ya wiki nzima kwa miezi ya kaskazi. Saa 2 sahani zinafunuliwa ndani, mlango wa mashariki umeshushwa turubai. Kingo zinafunikwa na vipande vya nailoni, katikati pakiachwa wazi, ili sehemu nene ikauke sambamba na nyembamba. Kila baada ya dakika 20 ubao unageuzwa nusu mzunguko, na msaidizi ana chaki ya kutia alama upande uliokuwa mbele. Ukingo unabonyezwa kwa kidole sehemu nne. Saa 4 uji unamiminwa, mchoro unafuata mng'aro ukishapotea, na saa 6 sahani zote ziko chini ya nailoni iliyolegezwa, zikauke taratibu kwa siku nane. Ndipo gurudumu linapoanza, mchana. Fundi analalamika, na ana haki, kwamba mkono wa mchana si mkono wa asubuhi. Sahani 12 zimekuwa 10 kwa siku.

Zilifinyangwa sahani 30 ili ziwepo za akiba. Zote 30 zilitoka kwenye mchomo wa kwanza na uji wake. Moja ilipasuka kitako kwenye mchomo wa pili, ufa wenye umbo la herufi S, ambao hutokana na katikati kutokukandamizwa vya kutosha kwenye gurudumu na hauhusiani na uji. Ishirini na tisa zilipita jaribio la maji na sarafu, 27 zikaenda kwa mteja, mbili zikabaki rafuni karibu na mlango. Kando yake kimetundikwa kipande kimoja cha ukingo uliobanduka, kimegeuzwa ili mgongo wake mweupe uonekane, na chini yake imeandikwa kwa chaki: gramu 1,420.